Nyama ya leo au iliyolala, steki au muundi: kuchagua nyama kwenye bucha za Nyanda za Juu Kusini

Mteja akifika bucha, iwe Mwanjelwa, Mafinga au Makambako, huuliza mawili: "Imechinjwa leo?" na "Ni laini?" Mara nyingi jibu zuri la swali la kwanza ni jibu baya la swali la pili. Ng'ombe aliyechinjwa alfajiri akapikwa mchana wa siku hiyo hiyo anaingia sufuriani wakati misuli yake inakakamaa. Familia inatafuna mpaka taya zinauma, kisha lawama zinamwangukia mwenye bucha kwamba kauza ng'ombe mzee, kumbe huenda alikuwa mtamba wa miaka mitatu.

Ugumu wa nyama una vyanzo viwili, na dawa zake ni tofauti. Chanzo cha kwanza ni nyuzinyuzi za msuli wenyewe, ambazo hujikaza baada ya mnyama kufa na hujikaza tena zikipata moto mkali. Cha pili ni kolajeni, ile protini nyeupe inayofunga nyuzinyuzi katika mafungu na kuushikiza msuli kwenye mfupa. Nyuzinyuzi zinalainishwa na muda kabla ya kupika. Kolajeni inalainishwa na maji na moto wa muda mrefu. Anayechanganya hivi viwili atachemsha fileti saa tatu iwe kama kamba, au atachoma muundi kwenye mkaa ashindwe kuumeza.

Nyama ya leo na nyama iliyolala

Msuli wa ng'ombe aliye hai una pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imeongezeka) ya karibu 7. Akichinjwa, damu haileti tena oksijeni, lakini msuli unaendelea kutumia sukari yake ya akiba, yaani glaikojeni, na kutoa asidi ya laktiki. Baada ya saa 24 pH inakuwa imeshuka hadi karibu 5.5. Nguvu ya akiba ikiisha, protini mbili za nyuzinyuzi, aktini na mayosini, zinashikana na kubaki zimeshikana. Kwa ng'ombe mkakamao huo huanza kati ya saa 6 na 12 na kukamilika ndani ya siku moja. Mbuzi hutangulia ng'ombe, nguruwe humaliza ndani ya saa chache, na kuku huanza kabla hata saa moja haijaisha.

Kinachoilainisha nyama baada ya hapo ni vimeng'enya vilivyomo ndani ya msuli wenyewe, hasa kalpaini, ambavyo hukatakata nyuzinyuzi pole pole. Nyama ikihifadhiwa kwenye 0 hadi 4°C, sehemu kubwa ya ulaini hupatikana katika siku 7 hadi 10 za mwanzo, na tofauti huanza kuonekana tangu siku ya pili au ya tatu. Kolajeni haiguswi sana na kazi hiyo. Kulaza nyama kunasaidia steki, fileti na paja. Kunasaidia kidogo mno shingo na muundi.

Kwa mikoa yetu jambo hili lina uzito zaidi. Ng'ombe wengi wanaochinjwa Mbeya na Iringa ni zebu wa asili wenye nundu, wakiwemo wale wekundu wa Iringa na wanaoshuka kwenye malori kutoka Usangu. Zebu ana kiasi kikubwa cha kalpastatini, protini inayoizuia kalpaini isifanye kazi yake. Nyama yake hulainika kwa kuchelewa kuliko ya ng'ombe wa kizungu, hata wakiwa na umri mmoja. Ndiyo maana steki ya zebu iliyolala siku tatu kwenye friji ni chakula kingine kabisa ukilinganisha na steki hiyo hiyo ya leo asubuhi.

Nyumbani fanya hivi. Nunua bonge zima la kilo 1 hadi 2, usikubali likatwekatwe. Usilioshe, kwa sababu maji husambaza vijidudu na uso ulioloa huharibika upesi. Pangusa kwa kitambaa safi tu. Weka kwenye sahani yenye kingo, funika bila kukaza, liwe rafu ya chini kabisa ya friji ili lisidondoshe maji kwenye vyakula vingine. Ng'ombe mlaze siku 2 hadi 4, mbuzi siku 1 au 2. Friji iwe kweli chini ya 4°C. Kama umeme mtaani kwenu hukatika saa nyingi, usizidishe siku mbili. Uso ukikauka na kuwa mweusi kidogo, kata ule utando wa juu uendelee. Ukitoa harufu ya uchachu au ukateleza mkononi kama umepakwa sabuni, tupa.

Kosa linalorudiwa kila siku ni kununua nyama bado ina joto la mwili na kuitumbukiza moja kwa moja kwenye friza ili "isiharibike". Msuli ukipozwa chini ya 10°C kabla haujakakamaa, hujikunja kupita kiasi, na ukigandishwa katika hali hiyo, siku ya kuuyeyusha hujikunja tena na kumwaga dimbwi la maji mekundu. Maji hayo si damu. Ni maji ya msuli yenye rangi yake. Nyama ya namna hiyo hailainiki hata ikilazwa. Iache kwanza sehemu yenye ubaridi wa wastani hadi joto la mwili liishe, ihamie kwenye friji ilale usiku mmoja, kisha iende friza ikiwa kwenye pakiti bapa za nusu kilo. Pakiti bapa huganda haraka, chembe za barafu zinakuwa ndogo, na maji yanayopotea ni machache.

Baridi ya nje nayo hufanya kosa hilo hilo bila friza yoyote. Mbuzi wa ndafu aliyechinjwa saa kumi na moja jioni mwezi wa Julai, akaning'inizwa uani Njombe au Makete hadi asubuhi, anapozwa upesi mno kwa sababu ni mdogo na hana mafuta ya kumfunika. Mtundike ndani, kwenye chumba kisicho na jiko lakini kilichofungwa, kwa saa 8 hadi 10 za mwanzo. Ubaridi uje baadaye.

Kuna hali moja ambayo nyama ya leo inashinda, nayo ni ikifika motoni ndani ya saa moja au mbili baada ya kuchinjwa, kabla ya mkakamao. pH bado iko juu, hivyo inashika maji yake vizuri. Itajikunja ikiiva, vipande vitakuwa vifupi na vinene, lakini itakuwa na majimaji. Wanaochinja nyumbani na kutia supu papo hapo wanalijua hilo. Mnunuzi wa bucha hapati nafasi hiyo.

Zebu kijana na ng'ombe wa maziwa aliyekoma kukamuliwa

Rungwe, Njombe na Mufindi kuna ufugaji mwingi wa ng'ombe wa maziwa, na ng'ombe hao wakizeeka huishia bucha. Kwa hiyo mnunuzi wa huku hukutana na nyama za aina mbili zenye ugumu wa aina mbili, zimening'inia ndoano moja.

| | Zebu kijana | Ng'ombe wa maziwa mzee |
|---|---|---|
| Mafuta | meupe hadi ya maziwa mtindi, kidogo | ya njano iliyokolea |
| Mfupa uliokatwa | mwekundu, una vitundu vidogo, gegedu bado laini | mweupe, mgumu, gegedu imegeuka mfupa |
| Rangi ya nyama | nyekundu angavu | nyekundu ya giza |
| Nyuzinyuzi | nyembamba, zimebanana | nene, zinaonekana kwa macho |
| Ugumu unatoka wapi | nyuzinyuzi na kalpastatini | kolajeni iliyokomaa |
| Dawa | kulaza siku 2 hadi 4 | kuchemsha pole pole, au kusaga |
| Inafaa | kuchoma, mishkaki, kukaanga | supu, mchuzi, kababu |

Njano ya mafuta hutoka kwenye karotini ya majani mabichi, nayo ng'ombe huihifadhi mwilini kadiri anavyozeeka. Njano peke yake si uzee, kwani ng'ombe kijana aliyelishwa majani mabichi mwaka mzima naye huwa na mafuta ya njano. Itazame pamoja na mfupa. Mfupa ndio shahidi wa kuaminika kuliko wote, na muuzaji hawezi kuubadilisha. Kwa mbuzi na kondoo usitumie kipimo hiki cha mafuta, maana wanyama hao huigeuza karotini kuwa vitamini A na mafuta yao hubaki meupe hata wakiwa wazee.

Katika mnyama mzee kolajeni haiongezeki sana. Inabadilika. Vifungo kati ya nyuzi zake vinazidi kuwa imara mwaka hadi mwaka hadi vinahimili joto. Kolajeni ya ndama huanza kugeuka jelatini mapema. Ya ng'ombe wa miaka kumi inadai saa kadhaa kwenye joto la zaidi ya 80°C. Ikigeuka, inatoa supu nzito inayonata midomoni, kitu ambacho zebu kijana hawezi kukupa. Kwa supu ya asubuhi, chagua mzee kwa makusudi, wala usimwonee haya mwenye bucha kumwambia hivyo.

Steki, mchanganyiko na muundi

Msuli unaofanya kazi nyingi una kolajeni nyingi. Fileti, ule msuli mwembamba uliolala chini ya uti wa mgongo kwa ndani, hufanya kazi ndogo sana ya kutembea. Ni laini bila kujali sana umri. Paja linatembea, kwa hiyo liko katikati. Kidari, shingo na muundi vinabeba mwili na kichwa siku nzima. Hapo ndipo kolajeni ilipo.

Steki isiyo na mafuta ni maji karibu asilimia 75, protini asilimia 20 hivi, na kinachobaki ni mafuta kidogo na madini. Ikipita 60°C, kolajeni inajikunja na kuyakamua maji hayo nje. Ikifika kati ya 66 na 73°C, aktini nayo inajikaza. Kilo ya steki iliyoiva kabisa inabaki gramu 600 hadi 650. Steki haina cha kufidia maji hayo. Muundi unapoteza maji vilevile, lakini jelatini inaingia mahali pake na kinywa kinaona utelezi. Ndiyo sababu steki iliyochemshwa saa mbili huwa kavu wakati imezungukwa na mchuzi.

Kuhusu bei, usilinganishe kilo kwa kilo. Tuseme mchanganyiko, yaani nyama pamoja na mifupa yake, ni shilingi 10,000 na ndani ya kilo mna gramu 250 za mfupa: nyama yenyewe umeinunua kwa shilingi 13,300 hivi kwa kilo. Kama steki ni 12,000, basi steki ndiyo rahisi kwa anayetaka nyama tu, na mchanganyiko unalipa pale tu utakapochemsha mifupa na kunywa supu yake. Siku moja, ukimaliza kula, pima mifupa upate kipimo cha bucha yako.

Maji nayo hayachemki kwa joto lile la Dar es Salaam. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu 94°C. Njombe, iliyo juu zaidi, ni chini ya hapo kidogo. Kuongeza mkaa hakupandishi joto hilo, kunapunguza maji tu. Muundi wa ng'ombe mzee unaohitaji saa mbili na nusu pwani utahitaji saa tatu au zaidi hapa, kwenye moto wa kuchemka polepole na kifuniko kizito. Sufuria ya presha hupandisha joto hadi karibu 115°C na kumaliza kazi hiyo kwa dakika 45 hadi 60. Kwa mkazi wa nyanda za juu anayepika supu kila wiki, sufuria ya presha inarudisha gharama yake kwa mkaa au gesi inayookolewa. Usiitumie kwa fileti.

Rangi: nyekundu, zambarau, kahawia, nyeusi

Rangi ya nyama ni mayoglobini, protini yenye chuma inayohifadhi oksijeni msulini. Nyama ya ndama ina kama miligramu 2 kwa gramu, ng'ombe mkubwa karibu 8, na ng'ombe mzee huweza kufika 18. Kwa hiyo giza la rangi linaweza kuwa umri. Linaweza pia kuwa mambo mengine mawili, na hapa ndipo wengi hukosea.

Kata kipande ndani ya bonge ambalo hewa haijafika. Kitakuwa na rangi ya zambarau. Kiache mezani dakika 20 hadi 30: oksijeni inaingia, zambarau inageuka nyekundu angavu. Kikikaa siku moja au mbili kwenye hewa, chuma kinaoksidika na uso unakuwa kahawia. Zambarau, nyekundu na kahawia ni protini moja katika hali tatu. Kahawia pale vipande viwili vilipogusana kwenye mfuko si uozo. Nyekundu nzuri nayo si ushahidi wa usalama. Pua na vidole vinasema zaidi: utelezi, kunata, harufu kali.

Hali ya pili ya giza ni ya mnyama aliyechoka. Ng'ombe aliyesafirishwa siku nzima, akakaa bila maji, akapigwa na kusukumwa hadi machinjioni, anafika glaikojeni yake ikiwa imekwisha. Hakuna sukari, hakuna asidi, pH inabaki juu ya 6. Nyama inakuwa nyeusi-nyekundu, kavu, inanata kidoleni. Kipimo chake ni kile kile cha dakika 20: nyama ya kawaida itang'aa, hii itabaki nyeusi. Si sumu, na hushika maji vizuri sana, lakini asidi iliyokosekana ndiyo ingeilinda na vijidudu, hivyo huharibika mapema. Ukiipata, ipike siku hiyo hiyo kwenye mchuzi, usiilaze. Na usiihukumu kwa rangi ikiwa motoni, kwani kwa pH ya juu hubaki na wekundu ndani hata ikiwa imeiva. Nyama ya kusaga iliyokwisha kuwa kahawia kabla ya kupikwa hufanya kinyume: kababu linaonekana limeiva wakati katikati bado. Kwa nyama ya kusaga kipimajoto kinachosoma 71°C ndicho mwamuzi.

Kama bucha ina taa nyekundu, omba kipande kitolewe mlangoni ukione kwa mwanga wa jua. Chini ya taa ile nyama zote zinafanana. Na kabla ya rangi yoyote, tafuta muhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye mwili wa mnyama.

Mbuzi na kitimoto

Mbuzi hutofautiana na ng'ombe zaidi kwenye mafuta. Mafuta yake ni magumu na huganda upesi, na kwa baridi ya Juni yanaganda kwenye sahani kabla hujamaliza kula. Mbuzi choma wa huku aliwe kwenye sahani iliyopashwa moto, au aletwe kidogo kidogo kutoka jikoni. Chagua aliyehasiwa au jike kijana. Beberu ana harufu inayokaa ndani ya mafuta, na ndimu haiiondoi.

Nguruwe ana mafuta laini yanayoyeyuka kwa joto dogo, na mayoglobini chache, karibu na ya ndama. Tatizo lake ni kinyume cha ng'ombe aliyechoka. Nguruwe akifukuzwa na kupigwa dakika chache kabla ya kuchinjwa, asidi inazalishwa haraka mwili ukiwa bado na joto, protini zinaharibika, na nyama inatoka imepauka, laini kama imeloweshwa, ikichuruzika maji. Kitimoto cha namna hiyo kikikaangwa kinasinyaa hadi nusu. Chagua chenye waridi iliyokolea, kilichokaza, sinia chini yake likiwa kavu. Ukiona vifuko vyeupe kama punje za mchele ndani ya msuli, ni vya tegu: usinunue, na mwambie mkaguzi. Hata kisichokuwa navyo kipikwe hadi ndani kifike 71°C.

Papai, tangawizi, ndimu, magadi

Ukiwa huna siku za kulaza, papai bichi ndilo lenye nguvu kuliko yote. Kimeng'enya chake, papaini, hukata nyuzinyuzi na kolajeni pia, na kazi yake kubwa huifanya nyama ikiwa inapata moto, kati ya 50 na 70°C. Kijiko kimoja cha chakula cha papai lililokwanguliwa kinatosha kilo moja ya mishkaki, kwa dakika 30. Ukiliacha usiku kucha unapata uji juu na ugumu katikati, kwa sababu halipenyi zaidi ya milimita chache. Kata nyama vipande vidogo.

Tangawizi mbichi ni ya upole zaidi na inashughulikia kolajeni vizuri: vijiko viwili kwa kilo, saa moja hadi mbili. Ya unga iliyokaushwa haifanyi kazi hiyo, inabaki ladha tu. Ndimu inabadilisha uso na kuleta ladha, lakini ikipita saa mbili nyama inakuwa ya kijivu na yenye unga mdomoni. Magadi hayakati chochote. Yanapandisha pH ili nyama ishike maji: nusu kijiko cha chai cha magadi soda kwa kilo ya steki iliyokatwa nyembamba, dakika 20, suuza, kausha, kaanga. Ukizidisha utaonja sabuni.

Kwa steki ya zebu ya leo ambayo lazima iliwe leo, kata nyembamba ukikatiza nyuzinyuzi, tia magadi kama hapo juu, kaanga kwa moto mkali dakika mbili hadi tatu kwa mafungu madogo. Sufuria ikijaa, joto linashuka, maji yanatoka, na unajikuta unachemsha.